Dawa ya Goti ya Dada Manjano

Sokoni kila mtu alimwita Dada Manjano, hata wale waliomzidi umri. Jina lilitokana na mikono yake. Kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko ilikuwa imekolea rangi, na kucha zake hazijapata kuwa nyeupe tangu alipoanza kusaga viungo akiwa bado msichana. Alikuwa na mashine ya umeme kwenye kibanda cha bati, na ikishaanza kunguruma, wateja waliongea naye kwa vidole na kwa kukonyezana. Alisaga giligilani, mdalasini, pilipili manga na chochote ulichomletea, lakini manjano ndiyo yaliyompa jina na heshima.

Hakuuza unga uliosagwa na mtu mwingine. Alinunua mizizi mibichi, akaichemsha mwenyewe, akaianika mpaka ikawa migumu kama kokoto, akaisugua ndani ya gunia hadi maganda yakatoka, ndipo akaitia mashineni. Aproni yake aliifua peke yake, haikuchanganywa na nguo nyingine, kwa sababu manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu, na beseni zima huonekana kama mtu kachinjia kuku ndani yake.

Wengi walimwendea kwa ajili ya mboga na mchuzi. Wengine, hasa wale waliotembea wakivuta mguu, walimwendea kwa ajili ya dawa. Alikuwa na mchanganyiko wake: manjano, pilipili manga, kijiko cha mafuta, vyote ndani ya maziwa ya moto. Hakufundishwa na mtu. Aliugundua kwa kuangalia nani kapona na nani hakupona. Manjano matupu, alikuwa akisema, huingia tumboni kama mgeni asiyepewa kiti. Yanachungulia tu na kutoka. Pilipili manga ndiyo inayoyakalisha. Watu walikunywa, na wengi wao walirudi wakitembea vizuri zaidi. Hakuwa tapeli. Hilo lisemwe mapema.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, na dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamwogesha, akampeleka shule huku yeye mwenyewe akiacha. Utotoni mdogo wake aliugua koo mara kwa mara, na homa za koo zile zikamshukia kwenye moyo bila mtu kujua. Alipokuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye mke na watoto, akaanza kuishiwa pumzi kwa kupanda ngazi tu. Madaktari walimfungua kifua, wakatoa vali moja iliyoharibika, wakaweka ya chuma.

Alipona. Chumba kikiwa kimya ungeusikia moyo wake ukigonga, tik, tik, kama saa ya mezani. Wanawe waliwatambia wenzao kwamba baba yao kameza saa, na yeye aliwaunga mkono kwa kufungua mdomo wazi ili watoto wa jirani watege sikio.

Vali ile ilikuja na sharti lake. Ilimpasa ameze vidonge vya kuzuia damu isigande, kila siku ya maisha yake, na kila baada ya muda aende kliniki damu ipimwe. Damu ikiwa nzito, ingeganda kwenye chuma na kumuua. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, ingemtoka bila kukoma. Aliishi katikati ya mambo hayo mawili, na kwa miaka mingi aliishi vizuri. Alikatazwa vitu kadhaa, na kimojawapo ni vidonge vya maumivu vile ambavyo mtu hujinunulia dukani.

Na maumivu ndiyo yaliyomfuata. Fundi wa cherehani ya miguu hula kwa magoti yake. Msimu wa kushona sare za shule ulipofika, magoti yalivimba hata akawa anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Mke wake alimkanda kwa maji ya moto. Hayakusaidia. Jioni moja dada yake alifika nyumbani kwao na pakiti ya unga aliouchanganya mwenyewe.

"Dada, hii haitagombana na vidonge vyangu?" fundi aliuliza, akinusa kikombe.

"Manjano? Umeyala tangu ukiwa tumboni kwa mama."

"Kwenye mchuzi, ndiyo. Hapa naona umenitilia shamba zima."

"Kunywa bwana, kabla hayajapoa. Ukifa nitakuzika kwa gharama zangu."

Walicheka wote watatu. Mke wa fundi, ambaye Dada Manjano alimwita wifi na wakapendana kama waliozaliwa pamoja, ndiye aliyecheka zaidi. Fundi akanywa, akakunja uso, akaomba sukari.

Dawa ilifanya kazi. Magoti yalinywea. Fundi alirudi kwenye cherehani akapiga mluzi huku akikanyaga, na sare zikawa zinapanda juu ya meza kama matofali. Dada yake alipita asubuhi na jioni kumletea kikombe, akasimama mlangoni kumtazama mguu ukienda juu na chini bila kusita. Kwa mtu aliyemlea mtoto mgonjwa miaka yote ile, huku akishtuka kila anapokohoa, kumwona hivyo kulimjaza furaha.

Siku ya kliniki ilipofika, fundi hakwenda. Alikuwa na kazi mpaka shingoni, na alijisikia mzima kuliko alivyopata kuwa. Akasema atakwenda wiki ijayo. Ile iliyofuata akasema hivyo hivyo.

Wifi ndiye aliyeona kwanza. Mswaki ulikuwa na damu. Kisha siku moja fundi alijigonga paja kwenye kona ya meza, pigo dogo la kawaida, na kesho yake pakawa na doa jeusi kubwa kama kiganja.

"Wifi, hebu tazama hili," alisema, akimvuta Dada Manjano mpaka alipokaa mumewe.

"Amejigonga."

"Najua kajigonga. Lakini hivi?"

Dada Manjano aliinama akalitazama. "Manjano yanatoa damu chafu," alisema. "Nimeliona kwa wengine. Lazima itoke ndipo mtu apone." Hakuwa ameliona kwa mtu yeyote. Lilimjia mdomoni tu, na kwa sababu lilitoka kwa sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa, wifi aliamini, na yeye mwenyewe akaliamini.

Asubuhi moja pua ya fundi ilianza kutoka damu, na haikukoma. Walimwinamisha, wakamfinya pua, wakamwekea kitambaa cha maji baridi. Damu ilijaa vitambaa, ikamwagika kwenye kipande cha sare alichokuwa akikishona. Wakamkimbiza hospitali wakimshikilia huku na huku.

Daktari wa zamu alikuwa kijana aliyechoka. Alimziba pua kwa pamba ndefu, akaagiza damu ipimwe, na majibu yalipokuja akapandisha nyusi. Damu ilikuwa nyepesi maradufu kuliko inavyotakiwa. Akaanza kuuliza. Je, alizidisha vidonge? Hapana, mke wake ndiye anayempa, kimoja kimoja. Alikunywa pombe? Hajawahi.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja mwenye tumbo lililovimba, na muda mfupi kabla ya hapo daktari huyu huyu alikuwa amemfokea binti yake kwa kumpa mizizi ya kuchemsha. "Mnawaua wenyewe," alikuwa amesema, wodi nzima ikisikia, "halafu mnakuja kulia hapa." Yule binti alikuwa bado amejiinamia, akichezea ncha ya kanga yake.

"Kuna dawa nyingine yoyote anayotumia?" daktari akauliza. "Ya dukani, ya kienyeji, ya kupewa na mtu?"

Wifi alimgeukia Dada Manjano. Fundi naye, pamba imemjaa puani, akamtazama.

"Hakuna," alisema Dada Manjano.

Baadaye alijieleza moyoni kwamba hakudanganya. Manjano ni chakula. Yako kwenye kila jiko. Ukiulizwa kama unatumia dawa, hutaji chumvi. Lakini mikono yake alikuwa ameificha chini ya mtandio wakati akijibu, na hilo alilijua.

Wakampa fundi sindano ya kuirudisha damu sawa, wakamsimamishia vidonge, kisha wakavianza tena kwa kiasi kidogo. Wakaamua akae wodini wamwangalie, maana mtu mwenye chuma moyoni huwezi kumwacha bila dawa hata ukitaka. Alipata nafuu, akawatania manesi, akamshonea mmoja wao kifungo cha koti. Kilichomsumbua ni magoti. Kulala kutwa kuliyakaza yakawa kama milango yenye kutu.

Dada Manjano akaja na chupa ya chai. Ndani yake hamkuwa na chai.

"Dada," fundi alisema kwa sauti ya chini, "daktari aliuliza."

"Aliuliza dawa. Haya ni maziwa."

Fundi alimtazama, kisha akacheka kidogo, kama alivyocheka utotoni alipokuwa akilishwa kwa nguvu. Hakuwahi kumkatalia dada yake kitu. Akanywa, akapangusa mdomo. Siku iliyofuata akanywa tena, na iliyofuata.

Mchana mmoja, saa ya kutazama wagonjwa, alilalamikia kichwa. Alisema kinamuuma kama kimebanwa kwenye mlango. Wifi alikuwa anamenya chungwa. Aliponyoosha mkono kumpa kipande, mkono wa fundi haukunyanyuka kukipokea. Nusu ya uso wake ilikuwa imelegea. Alijaribu kusema neno, likatoka kama la mtoto mchanga, na macho yake yakawa yanamtafuta dada yake, siyo mkewe.

Picha ya kichwa ilionyesha damu imevuja ndani ya ubongo.

Aliyekuja kuongea nao kwenye korido hakuwa yule daktari. Alikuwa mfamasia wa hospitali, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na hakufoka. Aliketi nao kwenye benchi.

"Niambieni siku yake ilivyo," alisema. "Akiamka, kitu cha kwanza kinachoingia mdomoni ni nini?"

"Uji," wifi alisema. "Hapa au nyumbani?"

"Kote."

"Nyumbani uji, na kidonge chake, na maziwa ya wifi yangu. Hapa vile vile."

"Maziwa gani?"

Dada Manjano alitoa mikono yake chini ya mtandio akaiweka mapajani, na mfamasia akaitazama muda mrefu.

"Yana nini zaidi ya manjano?"

"Pilipili manga. Na mafuta kidogo."

"Nani alikuambia utie pilipili manga?"

"Hakuna. Bila hiyo hayafanyi kazi."

Mfamasia alivua miwani. "Ni kweli. Ile rangi ya manjano inatokana na kitu kinaitwa kurkumini. Mwili haukipendi. Ini linakivunja na kukitupa upesi, ndiyo maana mtu akinywa manjano peke yake hapati kitu kikubwa. Pilipili manga nayo ina piperini, na piperini inawafunga mikono wale wavunjaji walioko kwenye ini. Kwa hiyo kurkumini inabaki."

"Inakaa," alisema Dada Manjano. "Inapewa kiti."

"Sasa wavunjaji hao hao ndio wanaovunja kidonge chake. Mikono yao ikifungwa, kidonge cha jana hakijaondoka na cha leo kinaingia juu yake. Na kurkumini yenyewe inapunguza damu kuganda. Kwenye mchuzi haina neno. Lakini vijiko, asubuhi na jioni, kwa mtu kama huyu..."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema hivyo. Kuna wanaokunywa pamoja na vidonge hivi na wasipate jambo. Siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomfanya hivi." Alirudisha miwani. "Ninachoweza kusema ni kwamba tungejua siku ile ya pua, tungeyazuia."

Wifi alikuwa amemshika Dada Manjano mkono tangu walipoketi. Mfamasia alipoondoka, aliuachia taratibu, kama mtu anayeweka kitu chini asikivunje, akahamia mwisho wa benchi.

Madaktari walihangaika. Hawakuweza kumpasua kichwa mpaka damu yake iwe nzito, na kila walivyoifanya nzito ndivyo chuma cha moyoni kilivyokuwa hatarini. Mmoja alimwambia wifi waziwazi kwamba wanavuta kamba kutoka ncha zote mbili. Fundi alikuwa amepoteza fahamu, na hakuamka.

Alifariki asubuhi, wodi ikipigwa deki. Wifi alikuwa amekwenda nyumbani kuwaandaa watoto kwa shule, na Dada Manjano alikuwa peke yake pembeni ya kitanda. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameegemeza kichwa karibu na kifua cha mdogo wake, akiisikiliza ile tik, tik ambayo siku zote ilimtuliza, na mara akajikuta anasikia ndoo ya mpiga deki tu. Aliinua uso. Akangoja irudi. Nesi alipofika alimkuta bado anangoja.

Njia ya kutoka hospitali hadi nyumbani kwa fundi hakuikumbuka kamwe. Alikumbuka mlango tu, na wifi akiwa amepiga magoti akimfunga mtoto mdogo kamba za viatu. Wifi aliinua macho, akamwona, akaendelea kufunga. Alimaliza kiatu cha pili. Alimwambia mtoto aende kucheza uani. Ndipo akakaa sakafuni, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili ili watoto wasisikie.

Siku za msiba nyumba ilijaa watu, na Dada Manjano alifanya kazi kama punda: alichota maji, aliosha masufuria, alitandika mikeka. Aliona kwamba chakula alichopakua yeye, wifi hakukigusa. Mwingine akipakua, alikula. Hapakuwa na maneno, na wageni hawakuona kitu. Walipokwisha kuondoka, alimkuta wifi amekaa kwenye cherehani ya marehemu, gurudumu limefungwa kitambaa.

"Wifi, sema lolote," alimwambia. "Nitukane."

"Nikutukane kwa nini? Ulimpenda kuliko unavyojipenda. Ungejua, usingempa. Mimi mwenyewe nilimshikia kikombe mara ngapi." Wifi aliongea polepole, bila hasira. "Hilo nimelimeza. Lakini daktari alikuuliza."

"Aliuliza dawa..."

"Wifi. Alikuuliza, na ulijua anauliza nini. Nilikutazama, nikanyamaza kwa sababu yako."

Dada Manjano alikaa sakafuni karibu na gurudumu.

"Watoto watakuja kwako kama kawaida," wifi akasema. "Wewe ni shangazi yao, siwezi kuwafanya wafiwe mara mbili. Ila usiwape kitu cha kunywa. Na mimi usinipikie."

Akaitikia kwa kichwa. Alitoka akaenda moja kwa moja sokoni, ingawa siku ilikuwa imekwisha na vibanda vinafungwa, akakaa mbele ya mashine bila kuiwasha.

Alirudi kazini, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kurudi. Aliendelea kusaga manjano ya mboga. Yale ya dawa aliacha kuyachanganya. Mtu akija akivuta mguu, alimuuliza anameza vidonge gani, vya nini, tangu lini, na kama hajui alimwambia arudi hospitali akaulize kwanza. Wengi walikasirika. Walikuja kutafuta nafuu, siyo mahojiano. Wakavuka njia kwenda kwa jirani yake, mzee mmoja muuza karafuu, mtu mcheshi asiye na ubaya na mtu, ambaye siku nyingi alikuwa amemwona anavyochanganya na kipimo alikijua kwa macho.

Muuza karafuu alifunga mchanganyiko ule kwenye pakiti ndogo safi, na mbele ya meza akaweka kibao cha boksi: Dawa ya Goti ya Dada Manjano.

Alimwendea. "Mzee wangu, toa jina langu pale."

"Nilidhani nakuenzi."

"Nakuomba ulitoe. Na usiuze kabla hujauliza mtu anatumia nini."

"Jina nitatoa, mwanangu, hilo ni haki yako." Akalifuta papo hapo kwa kalamu nene. "Hayo mengine, mimi ni muuza viungo. Nikianza kumuuliza mtu habari za moyo wake na figo yake, atanunua kwa mwingine. Na hujui, huenda mdogo wako siku zake zilikuwa zimefika."

Alipokuwa bado amesimama pale, alikuja mwanamke kijana mwenye kikapu, akaomba pakiti mbili za ile ya goti.

"Ni za nani?" Dada Manjano alimuuliza.

"Za baba."

"Anameza vidonge vyovyote?"

"Anavyo vingi. Vya presha, na vingine vya damu, sijui." Alimtazama Dada Manjano kuanzia mikononi hadi usoni. "Kwani vipi?"

"Usimpe. Nenda kwanza ukawaulize waliompa hivyo vya damu. Wataje manjano, wataje na pilipili manga. Mimi nilimpa mdogo wangu, na amekufa."

Mwanamke alimgeukia muuza karafuu. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Msamehe, binti yangu," alisema kwa upole. "Amefiwa juzi tu."

"Ooh. Pole sana, mama," mwanamke alisema, na ilikuwa pole ya kweli. Akalipa, akazitia pakiti kikapuni chini ya nyanya, akaondoka. Dada Manjano alimfuata, akimwita, mpaka kwenye geti la soko. Mwanamke aliharakisha hatua, kisha akaingia katikati ya watu, na hakuonekana tena.

Alirudi kibandani. Mteja mmoja alikuwa anamngojea na gunia la giligilani, akimwonyesha kwa kidole kwamba amechelewa. Akalipokea, akawasha mashine.